Kauboi Asiye na Kauli

Harry Carey, kauboi ninayetaka kukusimulia habari zake, hakuzaliwa penye ng'ombe. Alizaliwa Bronx, New York, tarehe 16 Januari 1878, na baba yake alikuwa hakimu. Alipelekwa shule ya kijeshi, akasomea sheria, na kila kitu kilikuwa kimepangwa ili siku moja naye avae joho. Kisha akapata ajali ya boti, ikafuatiwa na homa ya mapafu. Alipokuwa akiuguzwa aliandika tamthilia iitwayo Montana, akazunguka nayo kwa miaka mitatu, farasi wa kweli akipanda naye jukwaani. Ilimpa pesa nzuri. Akaandika ya pili, kuhusu Alaska, na hiyo ikazila zote.

Ndipo akaingia kwenye sinema kwa njia wanayopita wengi: mfuko umetoboka, na una rafiki anayemjua mtu. Rafiki alikuwa mwigizaji Henry B. Walthall. Mtu huyo alikuwa D. W. Griffith, mwongozaji wa kampuni ya Biograph. Hiyo ilikuwa mwaka 1911. Carey alikuwa ameshavuka miaka 30, ana uso wa mtu aliyewahi kupoteza kitu, na sinema ilikuwa haijaanza kusema.

Kwa Kiswahili nimekutana na majina mawili ya filamu hizo. Wengine huziita filamu bubu, wengine filamu za kimya. Mimi nashika la pili. Tukisema bubu tunakusudia mtu ambaye hasemi kabisa. Aliyekaa kimya anaweza kuwa na mengi, na anaweza kuwa na sababu zake. Tena waigizaji wale walikuwa wakisema. Ukitazama midomo yao unaona maneno yanatoka, ila mashine ya kuyanasa haikuwepo. Mtazamaji alipewa vibao vya maandishi kati ya picha na picha, na mpiga piano chini ya pazia. Mengine yote aliyapata kwa kutazama.

Mimi ninaishi kwa vibao vya aina hiyo. Kazi yangu ni kuandika tafsiri za Kiswahili zinazopita chini ya filamu na tamthilia za kigeni. Mistari isizidi miwili, kila mstari usizidi herufi 42, na maneno yaondoke kabla macho hayajachoka. Tunalipwa kwa dakika ya picha. Filamu za kimya hazilipi, kwa sababu zina maneno machache mno. Nilizifuata kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ni baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa malori. Alikuja Dar es Salaam kijana kutoka Kilosa, miaka ya 1970, na mshahara wake wa kwanza, kwa ushahidi wa rafiki zake, uliishia Avalon, Empress na Odeon. Enzi hizo kulikuwa na makauboi wa Kitaliano, Django na Ringo, na vijana walitoka sinema wakitembea miguu imepanuka kama walioshuka kwenye farasi. Baba alipewa jina la Ringo, na mpaka leo wapo wazee Tandika wasiomjua kwa jina jingine. Kwake yeye dunia ilikuwa na watu wa namna mbili, steringi na adui, na kanuni ilikuwa moja: steringi hafi.

Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi. Kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, na anayepigwa upande huo huweza kupoteza vitu viwili kwa pamoja, nguvu za mkono na mguu wa kulia, na usemi. Daktari alituambia jina la hali hiyo, afasia, akatueleza jambo ambalo ndugu wengi hawakulisikia kwa sababu walikuwa wanalia. Alisema akili ya mzee ipo. Anawajua, anaelewa, anakumbuka. Kilichoharibika ni njia ya maneno kutoka, na kwa kiasi fulani njia ya maneno kuingia, hasa yakija mengi na ya haraka.

Likabaki neno moja. Katika maneno yote aliyokuwa nayo baba yangu, matusi ya barabarani, majina ya vijiji kutoka Chalinze hadi Tunduma, lililobaki ni "Jumatano". Ukimuuliza kama amekula, Jumatano. Ukimuudhi, Jumatano. Daktari alisema hutokea hivyo. Neno moja hubaki limeng'ang'ania mlangoni, nalo halina uhusiano wowote na anachotaka kusema. Wageni waliokuja kumjulia hali walikuwa wakimjibu, "Leo Ijumaa, mzee," kisha wanamgeukia Mama na kuendelea kuzungumza juu yake kana kwamba ametoka nje.

Televisheni ilimchosha. Taarifa ya habari ilimpita kama basi la mwendokasi. Filamu za zamani za kauboi alizozipenda zilikuwa na maneno mengi, tena ya Kiingereza, na tafsiri za chini hakuweza kuzifuata, maana kusoma nako kulivurugika. Ndipo Jumapili moja nikamwekea kwenye kompyuta filamu ya mwaka 1917, Straight Shooting, ya kwanza ndefu ya mwongozaji John Ford. Vibao ni vichache na vinakaa. Nilivisoma kimoja kimoja kwa Kiswahili, polepole. Kati ya kibao na kibao hapakuwa na kitu alichokuwa nacho mtu mwingine yeyote duniani ambacho baba yangu hakuwa nacho.

Steringi ndiye huyo Harry Carey. Alikuwa ameshahamia Universal, na huko alikuwa akiigiza mhusika mmoja kutoka filamu hadi filamu, aitwaye Cheyenne Harry, mwizi mwenye moyo mzuri. Ili uone alichofanya, wakumbuke waliokuwa wanagombea soko naye. William S. Hart alikuwa na uso wa mhubiri aliyeghadhibika. Tom Mix alikuwa maridadi, kofia kubwa nyeupe, mavazi ya kumeremeta, na farasi wake Tony alikuwa karibu maarufu kama yeye. Carey alivaa kama mtu aliyetoka kazini. Shati lililofuliwa mara nyingi, suruali ya kawaida. Alisimama ovyo, akaegemea vitu, akajikuna. Alipofikiri, ulimwona anafikiri.

Ford alikuwa na miaka 23 tu, Carey ana 39. Walitakiwa kutengeneza filamu fupi ya mikanda miwili, wakatengeneza ya mikanda mitano. Inasimuliwa kwamba studio ilipotaka kuikata, mkuu wake, Carl Laemmle, alikataa kwa kutoa mfano wa fundi cherehani: ukiagiza suti, fundi akakuongezea suruali ya pili bure, utamrudishia? Iwe kweli au porojo za studio, filamu ilitoka ikiwa ndefu, na kati ya mwaka huo na 1921 wawili hao walitengeneza pamoja zaidi ya filamu 20.

Hadithi ya Straight Shooting haihitaji mkalimani kwa mtu wa Kilosa. Ni ugomvi wa wakulima na wafugaji, na kinachogombewa ni maji. Tofauti ni kwamba kule mfugaji ndiye tajiri. Ana maelfu ya ng'ombe, ana watu wenye bunduki, na anataka wakulima waondoke kwenye mto. Anamkodi Cheyenne Harry akawafukuze. Mara ya kwanza tunamwona Harry akichungulia kutoka kwenye tundu la mti mkubwa, na kwenye mti huohuo limebandikwa tangazo la kumtafuta. Baba alicheka. Alikuwa hajacheka kwa miezi.

Kijana wa mkulima anakwenda kuchota maji, anapigwa risasi. Harry anafika kuifanya kazi yake na kuikuta familia kaburini. Hapo hakuna kibao kinachotuambia kwamba moyo wake umegeuka. Anasimama tu. Anamtazama baba wa marehemu, anamtazama binti, na uso wake, ambao hadi dakika hiyo ulikuwa na kejeli kidogo, unashuka taratibu. Anayafuta macho yake. Mtu aliyekodiwa na upande mmoja amehamia upande wa pili, na hajasema kitu.

"Jumatano," Baba alisema. Alisema chini, kwa sauti ya mtu aliye msibani. Nami nikaelewa kwamba haikuwa Jumatano ileile ya asubuhi, alipokuwa anataka chai. Baba alikuwa na neno moja, lakini alikuwa na toni, macho, nyusi, bega la kushoto na mkono wa kushoto. Neno lilikuwa kama piano ya chini ya pazia. Habari zenyewe zilikuwa juu, kwenye picha. Tangu siku hiyo nilianza kumtazama baba yangu namna ile.

Ikatokea kwamba utazamaji huo ulikuwa na kazi ya kufanya.

Baba ana shamba Kilosa, ekari nne, upande mmoja linapakana na kijito. Babu alilifyeka. Mwaka jana Baba mdogo alipata mnunuzi, akaitisha kikao cha familia. Naomba asieleweke kuwa ndiye adui wa picha hii. Ni yeye aliyekuwa akilipa sehemu kubwa ya dawa na mazoezi ya viungo, mara tatu kwa wiki, na alikuwa ameishiwa. Alizungumza kwa heshima. Alisema, "Kaka hana kauli tena. Tumwamulie sisi, kwa faida yake."

Hana kauli. Kwa Kiswahili maneno hayo yanabeba mambo mawili kwa mkupuo: hawezi kusema, na hana la kusema katika shauri. Tukiyatamka haraka hatuoni mahali tulipovuka kutoka la kwanza kwenda la pili.

Baba alikuwepo, kwenye kiti chake cha kamba. Akasema, "Jumatano." Shangazi akainamisha kichwa kwa huruma. Mimi nilikuwa namtazama. Kwa mkono wa kushoto aliuinua ule wa kulia, akaupandisha mezani kama mtu anayetua mzigo, akaufunika kwa kiganja, akamkazia macho mdogo wake. Nikasema, "Shikamoo Baba mdogo, naomba kabla hatujaendelea tumuulize mwenyewe." Akauliza, tutamuulizaje mtu asiyesema?

Mama ndiye aliyejibu, kwa vitendo. Aliingia ndani akarudi na noti ya shilingi 10,000 na gunzi la mahindi, akaviweka mezani. Akamwambia mumewe, maneno machache, na nafasi kubwa kati ya neno na neno: "Baba Mwajuma. Shamba. Tuuze?" Akaigusa noti. "Tusiuze?" Akaligusa gunzi. Baba akalichukua gunzi. Shangazi akasema inaweza kuwa bahati tu. Mama akabadilisha vitu, noti kulia, gunzi kushoto, akauliza tena kwa kuanza na lile la mwisho. Baba akaisukuma noti hadi ikaanguka, akalichukua gunzi, akalikumbatia, na akasema Jumatano ambayo hakuna mtu aliyehitaji kutafsiriwa.

Shamba halikuuzwa. Tumelikodisha kwa msimu. Kodi haitoshi, na mazoezi ya viungo yameshuka kutoka mara tatu hadi mara moja kwa wiki. Mkono wake, ambao ulikuwa umeanza kufunguka vidole, umerudi kukunjika. Alichagua, na uchaguzi wake una gharama anayoilipa yeye mwenyewe kila siku. Baba mdogo aliniuliza kama nimefurahi. Nilimjibu kwamba shamba ni la Baba na mkono pia ni wa Baba.

Carey naye sauti ilimkuta akiwa ameshapoteza mengi. Yeye na Ford waliachana kikazi mwaka 1921. Studio zilitaka vijana na mavazi ya kumeremeta. Alikuwa na ranchi kaskazini ya Los Angeles, pamoja na mkewe Olive, mwigizaji pia, na hapo walikuwa na duka la biashara kando ya bonde la San Francisquito. Usiku wa tarehe 12 Machi 1928, bwawa la St. Francis lililokuwa juu ya bonde hilo lilipasuka. Zaidi ya watu 400 walikufa, na duka likasombwa. Carey hakuwepo nyumbani usiku ule. Alikuwa na miaka 50. Mwaka uliotangulia, The Jazz Singer ilikuwa imewasikilizisha watu sauti ya mwigizaji, na wengi wa waliokuwa nyota wa kimya walianza kuhesabu siku.

Sasa, sauti ya Carey ilinaswa katika kazi gani kubwa? Hapa ndipo nilipoacha kusoma na kusimama. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimchukua, ikampandisha meli pamoja na mwongozaji W. S. Van Dyke na kikosi kizima, ikamleta Afrika Mashariki. Walipiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Congo kwa miezi kadhaa, wakafika hadi maporomoko ya Murchison. Filamu ni Trader Horn. Kitabu kilichotumika kinahusu mfanyabiashara wa pembe za ndovu huko Gabon, lakini kwa studio Afrika ilikuwa mahali pamoja. Walianza na vifaa vya picha. Vya sauti vikafuata baadaye, na sehemu kubwa ya mazungumzo ikarudiwa Marekani.

Anayeigiza mbebabunduki wa Horn, kwa jina Rencharo, ni Mutia Omoolu, Mkenya. Jina lake limeandikwa kwenye orodha ya waigizaji, jambo ambalo kwa Mwafrika wa wakati ule katika filamu ya Hollywood lilikuwa nadra. Alisafirishwa mpaka California kumalizia kazi. Yeye na Carey wanazungumza Kiswahili. Fikiria jambo hilo: filamu inatoka 1931, sinema bado inajifunza kusema, na miongoni mwa lugha za mwanzo zinazotoka kwenye spika za kumbi za Marekani ni hii unayoisoma.

Nilimwekea Baba, na nilimpa tahadhari, kwa sababu filamu ile si ya kujivunia. Waafrika wake ni kelele na mikuki. Katikati yao kuna msichana mzungu anayeabudiwa kwa sababu ya nywele zake. Kiswahili chake ni kile cha bwana na mtumishi wake, cha amri na utii. Na kanuni ya Baba inafanya kazi kwa ukatili: steringi hafi, anayekufa ni Rencharo, akimwokoa bwana wake. Edwina Booth, aliyemwigiza msichana huyo, alirudi kwao na maradhi yaliyomlaza miaka, akaishtaki kampuni. Filamu ilifika kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ya filamu bora, ikashindwa na Cimarron, ambayo, kwa vichekesho vya dunia, ni ya kauboi. Mabaki ya picha zake yakatumika mwaka uliofuata kwenye Tarzan.

Hata hivyo Baba alikaa wima. Mutia Omoolu ana mwili mrefu uliotulia, na hapotezi hata mjongeo mmoja. Carey anasema sana katika filamu hii, anaeleza kila mnyama anayepita kama mwalimu wa safari ya shule. Mutia anasema kidogo, anatazama. Wale wawili wanapokuwa peke yao, ni kama wawili wa enzi ya kimya waliotupwa katikati ya makelele, na yule mwanafunzi wa Ford anaonekana anajua hivyo, maana mbele ya Mutia hupunguza maneno. Niliposikia Kiswahili kile, nilitaka kuandika tafsiri chini yake, mazoea ya kazi, kisha nikacheka peke yangu. Kwa mara moja, Baba ndiye aliyekuwa mtazamaji ambaye filamu haikuhitaji kumtafsiria. Hawakuwa wamemfikiria kabisa, na bado ilimfikia.

Baada ya hapo Carey hakuwa steringi mkubwa tena. Aliigiza filamu za mfululizo za bei rahisi, kisha akawa mzee wa pembeni: baba wa mtu, sherifu, afisa. Watu husema nyota yake ilizima. Mimi naona tofauti, kwa sababu ya filamu moja ya mwaka 1939, Mr. Smith Goes to Washington. James Stewart ni seneta kijana anayesimama kupinga wizi, na anatakiwa aendelee kuzungumza bila kukaa, la sivyo atanyang'anywa nafasi. Anazungumza usiku kucha hadi sauti inamkauka. Anayeongoza kikao, amekaa juu na rungu dogo mkononi, ni Harry Carey, Makamu wa Rais. Kazi yake ni kutoa ruhusa na kunyamazisha watu. Maneno yake ni ya utaratibu tu, yale ambayo kiongozi wa kikao lazima ayaseme. Hawezi kusema yuko upande wa nani.

Lakini kamera inarudi kwake kila mara, na kila tunapomwona tunajua. Anakunja mdomo kuzuia tabasamu. Anaegemea nyuma, mikono nyuma ya kichwa, kama mkulima anayetazama mvua inanyesha kwenye shamba la jirani aliyemwonea huruma. Stewart anatumia maneno maelfu. Carey anatumia kona ya mdomo. Kwa nafasi hiyo ndogo aliteuliwa kuwania Oscar, mara pekee maishani mwake, miaka kumi na zaidi baada ya filamu za kimya kwisha. Hakushinda, aliyeshinda ni Thomas Mitchell, na mojawapo ya filamu zake mwaka ule, iliyompa tuzo, ni ya kauboi iliyoongozwa na John Ford, Stagecoach.

Carey alifariki tarehe 21 Septemba 1947, akarudishwa Bronx kuzikwa. Mwaka uliofuata Ford alitengeneza upya hadithi waliyowahi kuifanya pamoja mwaka 1919, akaiita 3 Godfathers, akaitoa kwa kumbukumbu yake, na ndani yake akamweka mwanawe, Harry Carey Jr. Ile ya 1919 haipo tena. Karibu asilimia 70 ya filamu ndefu za kimya za Marekani zimepotea; zilikuwa mali ya biashara, na baada ya sauti kuja hakuna aliyeona haja ya kuzihifadhi. Straight Shooting yenyewe tunayo kwa sababu nakala moja ilikutwa Prague. Alichokuwa nacho Carey kimebaki kwa vipande, na kipande kingine kimebaki kwenye mwili wa mtu mwingine.

Katika filamu zake za kimya alikuwa na ishara moja aliyoirudia. Akisimama, hajui la kufanya na nafsi yake, hupitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua na kuushika ule wa kulia, karibu na kiwiko. Ni ishara ya mtu aliye peke yake hata akiwa na watu. Mwaka 1956, mwishoni mwa The Searchers ya Ford, John Wayne amemrudisha binti aliyepotea. Wote wanaingia ndani. Miongoni mwa wanaompita mlangoni ni Olive Carey, mjane, anayeigiza mama mwenye nyumba. Wayne anabaki nje. Anapitisha mkono wa kushoto, anaushika wa kulia. Kisha anageuka na kwenda zake. Ilikuwa salamu kwa marehemu, mbele ya mkewe, na haikuandikiwa neno.

Unajua aliye na kiharusi cha upande wa kulia anavyokaa. Mkono wa kushoto huushika wa kulia, kuuzuia usining'inie. Baba hukaa hivyo tangu alfajiri. Nilipomwonyesha Wayne mlangoni, alitazama skrini, akautazama mkono wake, akanitazama mimi. Akasema lile neno lake, na nyusi zikapanda juu kwa majivuno ya kijana wa Avalon. Sikuhitaji herufi 42.

Mkataba wa shamba unaisha baada ya mavuno, na mnunuzi bado yupo, ameongeza dau. Kitakaliwa kikao kingine. Nimeandaa vibao, kumi na viwili, kwa kadi ngumu na picha kubwa: shamba, kijito, noti, hospitali, mkono, Kilosa, nyumba, mimi, Mama, ndiyo, sitaki, subirini. Kile cha mwisho nimekiongeza kwa sababu nimeona ndicho anachokihitaji kuliko vyote. Huenda safari hii akachagua mkono. Huenda akachagua tena gunzi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba watu wanyamaze muda wa kutosha wamwone akichagua.